Kubadili gia bila klachi kwenye Freightliner: nisaidieni kabla giaboksi haijanifia mkononi

Kijana wa Chalinze (mwanzisha uzi)

Habari za kazi wakuu. Wazee wa barabara, shikamooni.

Naomba msaada kwa jambo linalonikosesha usingizi. Mimi ni dereva wa semi, huu ni mwaka wa nne. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa na Scania 124, gari ambalo gia zake hazina maneno: kanyaga klachi, sukuma, imeingia. Miezi miwili iliyopita tajiri alinunua kichwa cha Kimarekani, Freightliner Columbia, injini Detroit Series 60, giaboksi Eaton Fuller ya gia 10. Akanikabidhi mimi.

Safari ya kwanza nilipewa kaka mmoja anayeyajua magari haya anielekeze mpaka Tunduma. Wakuu, tangu tumetoka bandarini mpaka tunaingia mbuga ya Mikumi, yule kaka hakugusa klachi ila kwenye mizani na kwenye foleni. Anaitoa gia kwa vidole viwili, anaiacha kidogo, anaiingiza. Hata mlio hausikii. Nikamuuliza anafanyaje, akaniambia utazoea tu.

Sijazoea. Safari ya pili nilikuwa mimi na utingo, mzigo tani 28. Nilianza kujaribu baada ya Chalinze kwenye tambarare: moja inaingia, mbili zinasaga. Nikaendelea hivyohivyo. Kufika Kitonga ndipo nikaumbuka. Natoka gia ya 6 naitafuta ya 5, inasaga. Naibana kwa nguvu, inazidi kusaga. Gari linapoteza mwendo, naitafuta ya 4, nayo inakataa. Mwisho gari limesimama kwenye kona nikiwa frii, nyuma malori na mabasi yanapiga honi. Utingo aliruka na kigogo akakiweka kwenye tairi la tela. Nikaondoka na gia ya 1 kwa klachi, moyo unadunda mpaka Ilula.

Tangu siku hiyo gia ya 5 ikibeba mzigo inacheza kama inataka kuchomoka yenyewe. Tajiri kasikia, kasema giaboksi ikifa nitailipa kwenye mshahara.

Maswali yangu: kuendesha bila klachi kunaua giaboksi, au mimi ndiye ninayeiua? Na kama ni ujuzi halali, unafanywaje, hasa mlimani? Naomba majibu ya watu walioshika gia kwa mikono yao.

Mtoto wa Tandale

Naweka kambi hapa. Mimi nina FAW, lori la Kichina, nayo inanisumbua hivyohivyo.

MzeeWaKitonga

Marahaba kijana. Pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema.

Nimeendesha njia ya Zambia na Kongo zaidi ya miaka ishirini, na mengi ya magari niliyopewa yalikuwa na Fuller. Nikisoma maelezo yako tatizo naliona kwenye neno moja: "naibana kwa nguvu". Mkono wako bado unaendesha Scania. Kule ulikuwa unasukuma gia na giaboksi yenyewe inamalizia kazi ya kulinganisha mizunguko. Fuller haina huyo msaidizi kwenye gia zake kuu. Msaidizi ni wewe, mguu wako wa kulia. Ukiibana wakati mizunguko hailingani, unakwangua meno tu, na kadiri unavyobana ndivyo unavyokwangua.

Sasa sikiliza inavyofanyika. Gari likiwa linavuta, gia imebanwa na mzigo, huwezi kuitoa. Ukiachia mafuta ghafla, bado haitoki, kwa sababu sasa tairi ndizo zinazosukuma injini na meno yamebanwa upande wa pili. Katikati ya hali hizo mbili kuna kapengo kadogo ambapo hakuna anayemsukuma mwenzake. Hapo ndipo gia inalegea. Utaisikia kwenye kiganja: rungu la gia linaacha kutetemeka kwa ule mtetemo mgumu, linakuwa jepesi kama mlango ulioachwa bila kitasa. Weka vidole viwili, livute kidogo kuelekea frii kabla hujapunguza mafuta, kisha punguza mafuta taratibu. Itatoka yenyewe.

Ukiwa frii, kama unapanda gia, acha mizunguko ishuke. Angalia mshale wa mizunguko ya injini (RPM) mpaka sikio lizoee. Kisha egemeza gia kwenye mlango wake bila kusukuma. Mizunguko ikifika mahali pake itaingia kama imeitwa. Ikikataa, usilazimishe. Irudishe frii, rekebisha mafuta, jaribu tena.

Kupangua, yaani kushuka gia, ni kinyume chake: toa, ukiwa frii piga resi mizunguko ipande, kisha ingiza inapokuwa juu au inapoanza kushuka. Vijana wengi wanaweza kupanda gia ndani ya wiki. Kupangua kunachukua miezi, na kupangua mlimani ndiko kulikokuangusha.

Ila kabla ya hayo yote jifunze dabo klachi, yaani kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Usinirukie hatua hiyo.

Kijana wa Chalinze

Asante sana mzee. Ile ya kuegemeza gia badala ya kuisukuma hakuna aliyewahi kuniambia. Swali: mizunguko ishuke kwa kiasi gani? Na kwa nini dabo klachi kwanza, wakati nia ni kuacha klachi?

Fundi wa Mbalizi

Naomba niingie hapa upande wa gereji.

Watu wengi wanadhani ukibadili gia, gia zinaachana na kushikana upya. Sivyo. Ndani ya Fuller gia zote zimeshikana muda wote, zinazunguka pamoja na kaunta shafti, yaani shafti za pembeni, na humo kaunta shafti ni mbili, moja kila upande. Kinachohama ukisogeza rungu ni pete yenye meno iliyokaa kwenye shafti kuu. Pete inatoka kwenye gia moja na kuingia ubavuni mwa nyingine. Ukisikia kusaga, ni ncha za meno ya pete na ncha za meno ya ubavuni mwa gia zinagongana. Zikigongana sana zinakuwa butu na za mshazari, na meno ya mshazari yakibeba mzigo yanajisukuma nje. Hapo ndipo unasikia gia inachomoka.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kukosa klachi hakuui Fuller. Kusaga ndiko kunakoiua. Dereva anayesaga akiwa amekanyaga klachi naye anaiua, tena nimefungua nyingi za namna hiyo.

Mizunguko: giaboksi za gia 10 zina hatua zinazokaribiana, tofauti kati ya gia na gia ni kama theluthi hivi. Chukua ya 9, ambayo ni moja kwa moja (injini ikizunguka mara moja, shafti ya kutokea nayo mara moja), na ya 10, ambayo kwenye nyingi injini inazunguka 0.74 tu, au karibu na hapo, kwa mzunguko mmoja wa shafti hiyo. Ukiwa na 1500 kwenye ya 9, spidi ileile kwenye ya 10 inataka kama 1100. Kwa hiyo unasubiri mshale ushuke 400. Ukirudi kutoka 10 kwenda 9 kwa 1100, unapiga resi mpaka 1500. Anza na hesabu hiyo ya 400 kwa gia zote halafu gari lako litakufundisha mapungufu yake.

Dabo klachi kwanza kwa sababu kazi ni ileile, ila una kinga. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi ukiwa frii, unaweka mizunguko sawa, unakanyaga tena, unaingiza. Kuachia klachi ukiwa frii ndiyo maana yake yote, kwa sababu hapo injini inashika kaunta shafti na mguu wako unaweza kuizungusha haraka au polepole. Ukikosea kidogo, injini haijashikana na meno kwa nguvu, mgongano ni mdogo. Ukiweza dabo klachi bila mlio hata mmoja, umeshajua kuoanisha mizunguko. Kuacha klachi baada ya hapo ni kuondoa hatua mbili tu.

Na jambo ambalo nalirudia kila siku hapa gereji: kwenye Fuller usikanyage klachi mpaka chini kabisa gari likiwa linatembea. Mwisho wa pedali, kama inchi moja ya mwisho, kuna klachi breki. Kazi yake ni kusimamisha shafti ya kuingilia ili uingize gia ya kwanza au rivasi gari likiwa limesimama. Ukiikanyaga ukiwa mwendoni unaitaka isimamishe shafti inayozungushwa na gari zima. Inakatika masikio, vipande vinabaki humo, halafu dereva anakuja analalamika gia ya 1 inasaga akiwa amesimama. Madereva waliotoka kwenye Scania ndio wateja wangu wakubwa kwa tatizo hili, kwa sababu wamezoea kukanyaga mpaka sakafuni.

Mtoto wa Tandale

Fundi, na sisi wa Kichina? Hii yangu imeandikwa Fast.

Fundi wa Mbalizi

Mkuu, Fast ni giaboksi za Kichina zilizotokana na teknolojia ya Fuller, utaziona kwenye FAW na Shacman nyingi. Zipo ambazo gia kuu hazina sinkronaiza, yaani yule msaidizi wa kulinganisha mizunguko aliyemtaja mzee, hizo zichukulie kama Fuller. Zipo ambazo zina sinkronaiza, hizo usizifanyie mchezo. Angalia kibati ubavuni mwa giaboksi, piga picha, nenda nacho kwa muuza spea akuambie.

Na hapa niseme wazi kwa wote wenye Scania, Volvo na magari yenye ZF za sinkronaiza: bila klachi msijaribu. Pete ya sinkronaiza imetengenezwa kupunguza au kuongeza mwendo wa vitu vyepesi, yaani shafti ya kuingilia na pleti ya klachi. Usipokanyaga klachi, pete hiyohiyo inaburuzwa na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na injini nzima. Siku utakayolenga sawasawa hutasikia kitu. Siku utakayokosea kidogo pia hutasikia kitu, na huo ndio ubaya wake, kwa sababu pete inamezwa kimyakimya. Ukija kumwaga oili unaikuta ina rangi ya dhahabu. Ile ni shaba ya pete zako.

Afisa wa Yadi

Nawasalimu. Mimi ni msimamizi wa magari kwenye kampuni ya usafirishaji Dar, na nitasema kitu ambacho madereva hawatakipenda. Kwetu kubadili gia bila klachi ni marufuku, hata kwenye Fuller.

Siwabishii MzeeWaKitonga na Fundi. Wanachosema ni sahihi kwa dereva mmoja mwenye gari moja. Mimi gari moja linashikwa na madereva watatu kwa mwaka. Wa kwanza ana sikio, wa pili anadhani analo, wa tatu anajifunza kwa giaboksi yangu. Gia zikianza kuchomoka siwezi kujua ni nani. Nilipoweka sheria ya dabo klachi kwa wote, kelele za giaboksi zilipungua yadi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Na wale wanaosema inaokoa klachi: klachi inaisha wakati wa kuondoka. Dereva anaondoka na tani 28 kwa gia ya 3 kwa sababu ana haraka, au anashikilia gari mlimani kwa klachi kwenye foleni. Hapo ndipo pleti inaungua. Ile sekunde moja ya kubadili gia ukiwa mwendoni haiondoi kitu cha maana.

MzeeWaKitonga

Afisa, nakuheshimu, na kuhusu klachi kuisha wakati wa kuondoka umenena. Fuller yenye mzigo ondoka na ya 1 au ya 2, basi.

Ila marufuku yako inanitia shaka kwa kitu kimoja. Klachi huwa zinakufa njiani. Mwaka mmoja nikitoka Kapiri Mposhi, fimbo ya klachi ilikatika na pedali ikalala sakafuni. Nilifika mpaka wa Tunduma bila klachi, nikizima injini kila ninaposimama, na kuondoka kwa kuweka gia ya chini kabisa kisha kuwasha injini ikiwa ndani ya gia. Nisingejua kuoanisha, ningelala porini na mzigo wa watu. Mfundishe dereva wako ajue, hata kama unamkataza kuifanya kila siku.

Afisa wa Yadi

Hapo nakubali mzee. Kuijua na kuitumia kila siku ni mambo mawili.

Binti Dereva

Habari zenu, shikamoo MzeeWaKitonga. Mimi naendesha Fuller gia 10 njia ya Dodoma hadi Mwanza, na naipenda njia hii ya bila klachi kwa sababu ya goti la kushoto. Swali langu ni kibonye cha kwenye rungu, kile cha kuhama kutoka gia za chini kwenda za juu. Wengine wananiambia nikivute kabla sijatoa gia ya 5, wengine nikiwa frii. Nani yuko sahihi?

Fundi wa Mbalizi

Dada, kabla. Ukiwa bado ndani ya gia ya 5, inua kibonye. Hakitafanya kitu mpaka rungu lipite frii, hapo hewa itasukuma na sehemu ya nyuma itahama, wewe unaingiza ya 6 ambayo iko mlango mmoja na ya 1. Kurudi vivyo hivyo: shusha kibonye ukiwa bado kwenye ya 6, kisha toa.

Sehemu ile ya nyuma ndiyo pekee yenye sinkronaiza humo ndani. Ukihamisha kibonye ukiwa tayari frii, au ukiingiza gia kabla hewa haijamaliza kazi, unaiunguza. Na kamwe usishushe kibonye ukiwa kwenye mwendo mkubwa wa gia za juu. Kama unasikia hewa inavuja "sss" kwenye rungu, usiliache, pampu ndogo ya nyuma ikikosa presha inahama nusu.

Msafiri wa Dallas

Salamu kutoka Texas. Mimi ni Mtanzania, naendesha malori huku, na kwa kuwa magari mnayozungumzia yametokea huku, niongeze kidogo.

Kitabu cha leseni ya malori huku, CDL, kinafundisha dabo klachi, na chuoni nilifundishwa hiyo. Mwalimu wangu alikuwa anaweka mkono juu ya rungu ili aone kama naharakisha. Nilipoingia barabarani, madereva wazee wa Fuller karibu wote wanabadili bila klachi. Wana neno lao, wanasema wanaielea gia. Hakuna anayeona ni utundu, ila hakuna anayemfundisha mtu kabla hajajua dabo klachi.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Eaton wenyewe walitengeneza giaboksi iliyoitwa AutoShift, ambayo pedali ya klachi ilikuwepo kwa ajili ya kuondoka na kusimama tu. Ukishaondoka, kompyuta inapunguza nguvu ya injini, inatoa gia, inaweka mizunguko sawa, inaingiza nyingine. Klachi haiguswi. Ni kilekile mzee alichokieleza hapo juu kwa vidole viwili. Kwa hiyo kwa giaboksi zisizo na sinkronaiza, kuoanisha mizunguko si njia ya mkato.

Siku hizi huku magari mapya mengi ni otomatiki, na anayefanya mtihani kwa otomatiki anapewa leseni yenye alama E, haruhusiwi kuendesha lori la gia za mkono. Kijana, ujuzi unaoutafuta huku unazidi kuwa adimu.

Mnakuru254

Salamu kutoka Nakuru. Nimesoma yote na kuna kitu naona hakijasemwa kwa nguvu ya kutosha, nacho ni mteremko.

Sisi tunaishi karibu na Salgaa. Barabara ile ya kushuka kutoka Sachangwan imetuzikia watu wengi, na kwa miaka mingi moja ya sababu zinazotajwa ni madereva kushuka wakiwa frii ili kuokoa dizeli. Nawaambia hakuna dizeli inayookolewa. Injini za kisasa zikiwa ndani ya gia kwenye mteremko na hujakanyaga mafuta, pampu inakata dizeli kabisa, tairi ndizo zinazungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kuchoma ili isizime. Unapoteza dizeli na unapoteza breki ya injini kwa wakati mmoja.

Sasa mtu anayebadili gia bila klachi kwenye mteremko anajiweka frii kwa sekunde moja au mbili, kila mara. Akikosa, hizo sekunde zinakuwa tano. Lori lenye tani 28 halikungoji. Linaongeza kasi, na kadiri linavyoongeza ndivyo mizunguko unayohitaji ili kupangua inavyopanda, mpaka inapita uwezo wa injini. Hapo hata uwe na sikio la malaika, gia ya chini haiingii. Kilichobaki ni breki za hewa peke yake, na zikipata moto zimekwisha.

MzeeWaKitonga

Mnakuru, Mungu akuweke. Nilipaswa kuanza na hilo.

Kijana, hii ishike: mteremkoni hatubadili gia. Si bila klachi, si kwa klachi. Gia unaichagua juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukiwa unarudi na shaba kutoka Kongo, kabla ya kuanza kushuka Kitonga shika gia ileile ambayo ungepandia, au moja chini yake, washa breki ya injini, na ubaki humo mpaka Ruaha Mbuyuni uione kwa macho. Mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi vilevile. Watu watakupita, waache.

Ikitokea umebaki frii, usitafute gia ya chini. Kanyaga breki za miguu mapema na kwa nguvu wakati bado zina baridi, mwendo ushuke, ingiza gia yoyote ya juu inayokubali, halafu tuliza gari.

Msafiri wa Dallas

Nyongeza kwa breki: huku tunafundishwa usizibembeleze kutwa nzima. Gari likifika mwendo uliojiwekea, kanyaga kwa uhakika mpaka mwendo upungue kwa kama kilomita 8 kwa saa chini ya hapo, achia, upande tena, rudia. Ndani ya gia sahihi hutazigusa mara nyingi.

Kijana wa Chalinze

Wakuu nashukuru sana. Bado mlima. Kwenye kupanda nifanyeje nisibaki frii kama siku ile?

MzeeWaKitonga

Kwenye kupanda adui ni muda. Ukiwa frii gari linapungua mwendo kila nusu sekunde. Kwa hiyo ile 400 ya Fundi haitakuwa 400. Ukitoka ya 6 kwa 1200 unatafuta ya 5, tambarare ungehitaji kama 1600. Mlimani, ukifika kuingiza, gari limeshapungua na gia inataka 1500 au pungufu. Kosa lako lilikuwa kusubiri mpaka injini imechoka, mizunguko 1000, ndipo unapangua. Pangua mapema ukiwa na mwendo. Toa, resi moja fupi, ingiza mizunguko ikiwa inarudi. Harakati moja, usifikirie katikati.

Ukikosa mara moja, usirudie gia ileile. Gari limeshapungua. Ruka moja chini, nenda ya 4. Wewe ulikwenda ya 4 lakini ulikwenda nayo kwa nguvu na bila resi.

Na kwa miezi mitatu ijayo, Kitonga panda kwa dabo klachi. Bila klachi fanyia tambarare.

Fundi wa Mbalizi

Kuhusu hiyo ya 5 inayocheza, usijihukumu mapema. Gari umelipokea likiwa limetumika. Inaweza kuwa meno, inaweza kuwa springi na goroli za kwenye kifuniko cha rungu zimechoka, inaweza kuwa mpira wa kuzuia injini umelegea, rungu linavutwa gari likivuta. Hayo mawili ya mwisho ni kazi ya nusu siku. Na uliza tajiri oili gani imo. Fuller inataka oili ya sintetiki namba 50. Wengi wanaiwekea oili nzito ya difu, asubuhi ya baridi shafti inapoteza mizunguko haraka kuliko unavyotegemea na gia zinakukataa mpaka Makambako. Ukipita Mbalizi nipitie, tuangalie nati ya chini ya giaboksi yenye sumaku inayonasa chembe za chuma. Haidanganyi.

Kijana wa Chalinze

Wakuu, nimerudi. Nimeshindwa kulala kabla ya kuwapa mrejesho.

Nimetoka Dar Jumatatu na tani 27. Mpaka Morogoro nilifanya dabo klachi tupu, nusu pedali, nikihesabu mshale. Mlio niliusikia mara tatu. Kitonga nilipangua mapema kama mzee alivyosema: ya 6 kwa 1300, nikaipata ya 5 mara ya kwanza, kabla ya kona kali nikaenda ya 4, na sikubadili tena mpaka juu. Utingo alikuwa ameshakishika kigogo chake mlangoni. Hakushuka.

Baada ya Makambako, kwenye tambarare ya Igawa kuelekea Chimala, barabara nyeupe, nikautoa mguu wa kushoto kwenye klachi, nikauweka sakafuni na kuuacha hapo. Niko ya 9, mizunguko 1500, spidi 78. Nikavuta kwa vidole viwili, nikapunguza mafuta polepole. Rungu likawa jepesi ghafla, likatoka. Nikaangalia mshale: 1400, 1300, 1200. Nikaegemeza. Sikusukuma. Likaingia na sauti kama ya mtu anayefunga sanduku la nguo. Utingo akaniangalia. Nikairudia mara kumi na moja mpaka Igurusi, na mbili tu ndizo zilizosaga, zote nilipokuwa nimeharakisha.

Iwambi nilishuka ndani ya gia moja toka juu. Nimepaki kwa Fundi asubuhi hii.

Fundi wa Mbalizi

Nathibitisha, gari liko hapa. Oili iliyokuwemo ilikuwa ya difu, nzito na nyeusi. Kwenye sumaku kuna unga mwembamba wa kawaida na chembe mbili za chuma ndogo kama punje ya ulezi. Hakuna kipande cha jino. Mpira wa kuzuia injini upande wa kushoto umekatika kabisa, na springi mbili za kifuniko cha rungu zimelala. Nimebadili vyote na kuweka oili mpya. Tumezunguka mpaka Songwe na kurudi na mzigo, gia ya 5 imetulia.

Tajiri wake nimempigia mwenyewe nikamweleza kuwa ule mpira haukukatwa na dereva. Kijana, nimekufungia zile chembe mbili na vipande vya mpira kwenye mfuko, mpelekee. Ukirudi kutoka Tunduma pita hapa tena, nati ile nitaifungua mara ya pili nione kama kuna chembe mpya.